Ufaulu ukiporomoka, nani anatakiwa kujibu: NECTA, TET, TAMISEMI au Wathibiti Ubora?

#1 Chaki Vumbi
Wakuu, salaam. Niende kwenye hoja.

Chukua sekondari moja ya kata. Mtaala unatoka TET (Taasisi ya Elimu Tanzania). Mtihani unatoka NECTA (Baraza la Mitihani). Majengo na matumizi ya kila siku viko halmashauri, chini ya TAMISEMI (ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa). Mwalimu akikosa nidhamu au akidai daraja lake, anaenda TSC (Tume ya Utumishi wa Walimu). Shule yenyewe imesajiliwa na Kamishna wa Elimu, wizarani. Anayekuja kukagua ni Uthibiti Ubora wa Shule. Mtoto akimaliza anarudi TAMISEMI kupangiwa kidato cha tano, au anaangukia NACTVET (baraza la vyuo vya ufundi na vya kati) au TCU (tume ya vyuo vikuu), kisha HESLB, yaani Bodi ya Mikopo, wanamsubiri mlangoni.

Matokeo yakitoka mabaya, kila ofisi inamwonyesha kidole jirani. Nadai kwamba tumejaza wasimamizi hadi msimamizi hayupo. Anayepinga aje na vifungu, asije na hisia.

#2 Ndege Mnana
Nimeweka kiti. Wajuzi njooni.

#3 Mzee wa Rula
Napinga. Kazi hizi zimetenganishwa makusudi. Anayeandika mtaala asitunge mtihani, anayefundisha asisahihishe mtihani wa mwisho, na anayekagua asiwe ndiye anayeendesha shule. Mpe mtu mmoja kalamu zote hizo uone kama hutapata ufaulu wa asilimia mia kila mwaka na vijana wasiojua kuandika barua.

Na historia iko wazi. Mitihani yetu ilikuwa ya Cambridge, ikaenda Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, Tanzania ikajitoa 1971. Kwa miaka miwili kazi ikafanywa na kitengo cha wizara kilichoshika mitaala na mitihani kwa pamoja. Sheria Na. 21 ya 1973 ndiyo ikaanzisha NECTA, na 1975 TET ikapata sheria yake. Yaani tumeshakaa na kitengo kimoja cha mtaala na mtihani, tukaona bora watengane.

#4 Kengele ya Saa Nne
Mzee wa Rula, nyongeza ndogo hapo. Sheria Na. 13 ya 1975 iliunda Taasisi ya Ukuzaji Mitaala. Jina la Taasisi ya Elimu Tanzania limekuja 1993. Ukitafuta nyaraka za miaka ya themanini kwa jina la TET utakesha.

Na kusema "tukaona bora watengane" ni kuipamba historia. Baraza la mitihani lilihitaji sheria kwa sababu linatoa vyeti vinavyotakiwa kutambulika nje ya nchi. Baada ya kutoka kwenye baraza la pamoja tulilazimika kuwa na chombo chenye hadhi hiyo. Sijaona falsafa ya kutenganisha madaraka humo.

#5 Karani wa Kata
Wote mnazunguka. Tatizo halipo kati ya TET na NECTA, hao wanaelewana vizuri tu. Tatizo ni mpaka kati ya Wizara ya Elimu na TAMISEMI.

Angalia njia ya ripoti ya ukaguzi. Wathibiti ubora wa wilaya wanaingia shuleni, wanapima maeneo sita: mafanikio ya wanafunzi, ufundishaji na upimaji, mtaala unavyokidhi mahitaji, uongozi, mazingira na usalama, na ushirikishwaji wa jamii. Wanaandika ripoti na mapendekezo. Mthibiti anawajibika kwa bosi wake wa kanda, na kanda inawajibika wizarani. Mkuu wa shule aliyeandikiwa mapendekezo anawajibika kwa Afisa Elimu, Afisa Elimu kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, Mkurugenzi kwa TAMISEMI.

Sasa pendekezo linasema "shule ijenge maabara ya Kemia". Mthibiti hana fungu. Mwenye fungu ni Mkurugenzi, na kwake ripoti hiyo ni nakala. Hakuna anayemwajibisha kwa kutotekeleza nakala. Mwaka unaofuata mthibiti anarudi na kuandika sentensi ileile.

#6 Fupi Nene
"Hakuna anayemwajibisha kwa kutotekeleza nakala." Hii ichapishwe kwenye fulana tuvae Mei Mosi 😂

#7 Mzee wa Rula
Karani, hilo nalikubali kwa shule za serikali tu. Kwa shule binafsi ripoti hiyohiyo ina meno, kwa sababu usajili uko mikononi mwa Kamishna chini ya Sheria ya Elimu ya 1978, Sura 353. Mmiliki akikaidi anaweza kufungiwa. Ripoti ni moja, ila anayeipokea huku ana cha kupoteza, kule hana.

#8 Bi. Daftari
Ndiyo maana wamiliki wa shule binafsi wanalalamika kwamba wanapigwa kwa sheria ambazo serikali yenyewe haizifuati. Kiwango ni wanafunzi 45 kwa darasa la msingi na 40 sekondari. Vyoo, tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Shule binafsi ikizidisha inaandikiwa barua. Shule ya serikali yenye watoto zaidi ya mia kwenye darasa moja inaandikiwa pole.

#9 Chaki Vumbi
Bi. Daftari umenisaidia kazi. Hebu weka na hatua za kusajili, wengi wanadhani ukimaliza kupaka rangi madarasa unafungua geti.

#10 Bi. Daftari
Kwa kifupi, na hapa ndipo wengi wanapigwa na butwaa:

Kabla ya tofali la kwanza unaomba idhini ya kuanzisha shule, ukionyesha umiliki wa ardhi na ramani. Wanaojenga kwanza na kuomba baadaye ndio wanaoambiwa madarasa ni madogo au jengo la utawala halipo. Kisha mmiliki anathibitishwa kuwa mwenye shule, na meneja wa shule anathibitishwa kivyake. Hizi ni nafasi mbili tofauti kisheria, na mtu anayejaza jina moja kila mahali anajichelewesha. Majengo yakiwa tayari, wathibiti ubora wanakuja kukagua na kupendekeza. Wanaosajili si wao, ni Kamishna. Usajili ukitoka ndipo unaenda NECTA kuomba namba ya kituo.

Kosa la kawaida ni kupokea wanafunzi kabla ya namba ya usajili. Mtoto anasoma mwaka mzima, halafu kwenye mfumo wa NECTA shule haipo. Mzazi anaambiwa "mtandao unasumbua". Mtandao hausumbui.

#11 Mtoto wa Gongo la Mboto
Wakuu mimi kwa upeo wangu lawama zote ni za NECTA. Wao ndio wanafelisha na wao ndio wanachagua watoto wa kwenda kidato cha kwanza na cha tano. Wakiamua kukaza, taifa linalia.

#12 Kengele ya Saa Nne
Mkuu wa Gongo la Mboto, NECTA haichagui mtu. Inatoa alama basi. Darasa la saba ni masomo sita, kila moja alama 50, jumla 300. Daraja C linaanzia 121, na hapo mtoto anahesabiwa amefaulu. Baada ya hapo orodha ya shule anayokwenda inatoka TAMISEMI. Kidato cha tano na vyuo vya kati vya serikali vilevile, TAMISEMI. Mtoto wako akipangiwa shule ya mbali, ukienda kulalamika makao ya NECTA utarudishwa na bodaboda uliyokuja nayo.

#13 Ndege Mnana
😂😂 bodaboda ileile

#14 Pima Mwenyewe
Suala la "kukaza" lisipite hivihivi lakini, maana lina ushahidi. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012: zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Waziri Mkuu Pinda akaunda tume chini ya Profesa Sifuni Mchome, na Mei 2013 serikali ikafuta matokeo ili yachakatwe upya kwa utaratibu wa 2011.

Kitaalamu kilichotokea: zamani mipaka ya madaraja ilikuwa inasogea kufuatana na ugumu wa mtihani wa mwaka husika. Mwaka ule ikatumika mipaka iliyoganda. Watoto walewale, karatasi zilezile, kanuni nyingine ya kupanga madaraja, matokeo mengine. Sasa niambieni, hapo aliyeshuka ni mwanafunzi au ni rula?

Na baada ya hapo rula ikaendelea kuchezewa. 2014 wakaleta GPA (wastani wa pointi), 2015 wakarudi kwenye divisheni.

#15 Karani wa Kata
Pima Mwenyewe, tume ile ilizungumzia mengi zaidi ya mipaka ya madaraja. Walimu, vitabu, maabara, lugha ya kufundishia. Kuchakata upya kulipunguza sifuri, hakukumfundisha mtoto hata mstari mmoja.

#16 Pima Mwenyewe
Sijasema kulimfundisha. Nasema anayeshika rula ana uwezo wa kutengeneza habari njema au mbaya bila kugusa darasa. Twende kwenye hesabu ya leo ili kila mmoja ajipimie.

Kidato cha nne: A ni 75 hadi 100, B 65 hadi 74, C 45 hadi 64, D 30 hadi 44, chini ya hapo F. Pointi: A 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Yanachukuliwa masomo saba bora. Divisheni ya kwanza pointi 7 hadi 17, ya pili 18 hadi 21, ya tatu 22 hadi 25, ya nne 26 hadi 33. Ukipata 34 au 35 ni sifuri.

Sasa mchukue mtoto mwenye D mbili na F tano. 8 jumlisha 25 ni 33. Amefaulu, divisheni ya nne. Mwenye C moja na F sita: 3 jumlisha 30, 33 vilevile. Kwa hiyo mtu aliyepata 30 kwa 100 katika masomo mawili na kuanguka mengine yote yumo ndani ya "asilimia ya ufaulu" inayosomwa mbele ya kamera. Kidato cha tano hawezi kwenda, kule wanataka C tatu. Ila amefaulu.

Ufaulu ukitangazwa umepanda, ulizeni umepanda divisheni ipi.

#17 Fupi Nene
Nimekokotoa ya kwangu upya. Tuendelee na mada.

#18 Mzee wa Rula
Pima Mwenyewe umeeleza vizuri, ila unaiweka NECTA kama mfanyabiashara wa alama. Muundo wa madaraja ni suala la kisera, haliamuliwi na baraza peke yake gizani. Na kiwango cha kufaulu kuwa chini kina maana yake: cheti cha divisheni ya nne kinamfungulia kijana baadhi ya kozi za astashahada na mafunzo ya ufundi stadi. Ukiiinua sakafu hadi C, unawatupa nje vijana wengi ambao chuo cha kati kingewapokea.

#19 Kengele ya Saa Nne
Kuna maelezo mengine hakuna aliyeyagusa: wingi wa taasisi umezaliwa na matukio. Kila lilipoibuka tatizo, tulitunga sheria. Tazama mfululizo. 1994, VETA, mamlaka ya ufundi stadi. 1995, baraza la ithibati la elimu ya juu. 1997, NACTE, baraza la elimu ya ufundi. 2004, sheria ya Bodi ya Mikopo, ikaanza kazi Julai 2005, mwezi uleule TCU ikachukua nafasi ya lile baraza la ithibati. 2015, sheria ya TSC, ikaanza kazi Julai 2016. 2018, sheria ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu. Hakuna aliyekaa chini na ramani moja. Ni nyumba iliyoongezwa vyumba kila harusi.

Matokeo yake ni mipaka kugongana. Mwalimu wa serikali ana TSC kwa nidhamu, ana sheria ya bodi ya kitaaluma, ana mwajiri halmashauri, na darasani anakaguliwa na wizara. Mwalimu wa shule binafsi TSC haimhusu kabisa.

#20 Mwamba wa Nyeri
Niaje wandugu wa Bongo. Huku Kenya TSC ndiyo inayosajili mwalimu, inamwajiri, inamhamisha na kumfuta kwenye rejista, wa shule ya kibinafsi pia lazima awe na namba ya TSC. Mitihani ni KNEC, mtaala ni KICD. Tumeunganisha, na bado matokeo yakitoka tunalaumiana tu. Kwa hivyo msidhani kupunguza afisi ni dawa.

#21 Chaki Vumbi
Mwamba karibu. Ila angalau kwenu mwalimu akivurunda mnajua barua ianzie wapi.

#22 Mwamba wa Nyeri
Kujua pa kupeleka barua na kujibiwa ni mambo mawili, ndugu yangu.

#23 Pwani Kwetu
Mnazungumza kama Zanzibar haipo. Huku elimu ya maandalizi, msingi na sekondari si jambo la Muungano. Tuna wizara yetu, taasisi yetu ya elimu, na Baraza la Mitihani la Zanzibar kwa mitihani ya ngazi za chini. Lakini Jedwali la Kwanza la Katiba limetaja elimu ya juu, na limelitaja Baraza la Taifa la Mitihani kwa jina. Kwa hiyo mtoto wetu anasoma chini ya wizara moja, na kidato cha nne na cha sita anafanya mtihani wa NECTA, chombo kisichowajibika kwa wizara iliyomsomesha.

Kila matokeo ya Zanzibar yakiwa mabaya, mjadala wa Muungano unafufuka siku hiyohiyo. Mtoa mada akitaka mfano wa kutojulikana nani ajibu, apande boti aje.

#24 Karani wa Kata
Pwani Kwetu hiyo ni mada inayojitegemea, tukiingia hapo uzi utahamishiwa jukwaa la siasa.

Narudi kwenye hela, maana hamtaki kuigusa. Elimu bila ada ilipokuja kwa Waraka Na. 5 wa 2015, ruzuku ya uendeshaji ikawekwa 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka na 25,000 kwa wa sekondari. Lakini shule haipokei yote. Msingi, 6,000 inaenda shuleni na 4,000 inabaki juu kwa ajili ya vitabu. Sekondari, nusu kwa nusu, 12,500 na 12,500. Zidisha mwenyewe: shule ya msingi ya watoto 400 inapata 2,400,000 kwa mwaka mzima, kwa chaki, karatasi za majaribio, ukarabati mdogo na umeme. Gawa kwa miezi 12 ni 200,000. Halafu mthibiti ubora anakuja kuandika "shule haina zana za kutosha za kufundishia".

Mkitenganisha madaraka sawa, lakini anayeweka kiwango akiwa si yeye anayekilipia, kiwango kinabaki sala tu.

#25 Mama Kalenda
Karani umegusa vitabu. Hapo napo pana kisa. Kuanzia miaka ya tisini wachapishaji binafsi waliandika vitabu vya kiada na kamati ya EMAC ikavipa ithibati. Soko likajaa vitabu vyenye makosa, hoja ikapelekwa bungeni na mbunge James Mbatia mwaka 2013, EMAC ikavunjwa mwaka huohuo. Sasa TET inaandaa mtaala na inaandika kitabu cha kiada, kitabu kimoja nchi nzima. Mzee wa Rula, ule utenganisho wako wa makusudi uko wapi? Mwandishi wa mtaala ndiye mwandishi wa kitabu.

#26 Mzee wa Rula
Upo kwenye ithibati. Idhini ya kitabu kutumika shuleni ni ya Kamishna wa Elimu, na hiyo inahusu hata vya ziada na vya kusoma. Februari 2023 wizara ilipiga marufuku vitabu 16 shuleni kwa sababu za maadili.

#27 Mama Kalenda
TET iko chini ya wizara, Kamishna yuko wizarani. Mtu na mjomba wake wanakaguana.

#28 Fupi Nene
Mama Kalenda leo hashikiki.

#29 Jirani Mwema
Samahani naomba kutoka nje ya mada kidogo. Mtoto kahamishwa kutoka shule A kwenda B akiwa darasa la tatu, sasa yuko la nne, mwalimu anasema "hayumo kwenye PREM". Ni kitu gani na nianzie ofisi ipi kati ya hizi zote?

#30 Bi. Daftari
Jirani, PREM ni mfumo wa NECTA wa kumbukumbu za wanafunzi. Kila mtoto ana namba yake anayotembea nayo, na usajili wa upimaji wa darasa la nne na mtihani wa la saba unavutwa humo.

Ofisi zote achana nazo kwa sasa. Inaonekana uhamisho ulifanyika kwa barua, ila kwenye mfumo mtoto bado yuko shule A. Rudi kule ukiwa na jina kamili kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, mwaka wa kuandikishwa, na jina la shule B. Mwalimu mkuu wa A anaanzisha uhamisho kwenye mfumo, wa B anaupokea. Upande mmoja ukifanya na mwingine ukalala, mtoto anabaki hewani. Ikishindikana hapo ndipo unaenda kwa Afisa Elimu wa halmashauri, kitengo cha takwimu au taaluma. Wasikutume makao makuu ya NECTA.

Mambo mawili yanayokwamisha: shule binafsi inayomshikilia mtoto kwenye mfumo kwa deni la ada, na jina kuandikwa tofauti, Yohana huku na John kule. Rekebisha jina mapema, kabla ya usajili wa la nne kufungwa. Ukilikosea la nne, utakutana nalo la saba, na kidato cha nne litakuwa kwenye cheti.

#31 Jirani Mwema
Asante sana dada, ni hilo la deni.

#32 Chaki Vumbi
Wakuu mnaona lakini? Mfumo ni wa NECTA, anayebonyeza ni mwalimu wa shule binafsi, wa kuamua mgogoro ni halmashauri. Uzi wangu umejieleza wenyewe.

#33 Mlima Hauhami
Kwenye elimu ya juu mkanganyiko ni wa kiwango cha shahada kabisa. Alama za kidato cha sita NECTA inahesabu A 1, B 2, C 3, D 4, E 5, S 6, F 7, kidogo ndiyo bora, masomo matatu ya tahasusi (mchepuo wake). TCU inageuza: A 5, B 4, C 3, D 2, E 1, S nusu, kingi ndiyo bora, na sifa ya chini ya shahada ni alama mbili za msingi (principal pass, yaani E na kuendelea) zenye jumla ya 4.0 kwenye masomo yanayotakiwa na programu.

Kijana A ana E, E, E. NECTA: pointi 15, divisheni ya tatu. TCU: 1 na 1 ni 2.0, hana sifa.
Kijana B ana D, D, F. NECTA: 15 vilevile, divisheni ya tatu vilevile. TCU: 2 na 2 ni 4.0, anadahiliwa.

Divisheni moja, pointi zilezile, mmoja chuo kikuu na mwingine nyumbani. Wazazi wa A wanaenda kuwatukana watu wa chuo, na chuo hakina kosa.

#34 Pima Mwenyewe
Hii nilikuwa naitafuta. Na aliyeanguka somo zima ndiye aliyeingia.

#35 Mtoto wa Gongo la Mboto
Ila si TCU ndio wanachagua vyuo vya wanafunzi? Wangempa A kozi nyepesi tu.

#36 Mlima Hauhami
Huo ulikuwa mfumo wa pamoja wa udahili, ulianza 2010 na ukaachwa 2017. Sasa unaomba moja kwa moja chuoni, chuo kinachagua, TCU inahakiki sifa. Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja lazima uthibitishe kimoja kwa namba ya siri unayotumiwa kwenye simu. Usipothibitisha ndani ya muda, kwenye orodha hupo, na HESLB haiwezi kukupangia mkopo chuoni ambako TCU haikuoni. Kila Oktoba kuna vijana wanalaumu Bodi ya Mikopo kwa kosa lililofanyika Septemba kwenye simu zao.

#37 Karani wa Kata
TCU sasa ndiyo mfano wa msimamizi mwenye meno. 2017 ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya kwa mwaka ule. Haikuandika pendekezo, ilifunga bomba la wanafunzi. Uthibiti Ubora wangekuwa na bomba kama hilo kwa halmashauri, mngeona maabara zinavyoota.

#38 Kengele ya Saa Nne
Bomba la TCU linaumiza vyuo vinavyoishi kwa ada. Ukifunga shule ya kata, unayemwumiza ni mtoto wa kata. Ndiyo sababu hakuna anayethubutu, na sioni sheria itakayobadilisha hilo.

#39 Fundi Seremala
Na upande wa ufundi? Naona vyuo vinasema vimesajiliwa VETA, vingine NACTVET, kipi ni kipi?

#40 Mlima Hauhami
Zamani VETA ilitoa mafunzo na ikasajili vyuo vingine vya ufundi stadi, yaani mchezaji na refa. Tangu 2021 urefa umehamia NACTVET, ambayo ndiyo ile NACTE iliyoongezewa ufundi stadi. VETA imebaki kuendesha vyuo vyake. Chuo kikikuonyesha cheti cha usajili cha VETA peke yake, uliza namba ya NACTVET na uangalie kama kozi yako imo, maana chuo kusajiliwa na kozi kutambuliwa ni vitu viwili.

#41 Mzee wa Rula
Umeona? Refa kaondolewa uwanjani. Makusudi hayo, ninarudia.

#42 Mama Kalenda
Baada ya miaka 27, Mzee. Makusudi ya mwendo wa kobe.

#43 Pima Mwenyewe
Mtihani halisi wa mfumo huu unakuja, weka kando historia. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa awali, darasa la kwanza, la tatu na kidato cha kwanza cha mkondo wa amali, yaani wa ufundi. Msingi unakuwa miaka sita. Waliokuwa la tatu 2024 wanamaliza la sita 2027. Waliokuwa la nne 2024, mtaala wa zamani, wanamaliza la saba 2027. Januari 2028 makundi mawili yanaingia kidato cha kwanza kwa pamoja.

TET imeandika mtaala, kazi yake kimsingi imeisha. NECTA itatunga mitihani miwili tofauti kwa mwaka mmoja. TAMISEMI ndiyo ya kutafuta madarasa na madawati ya makundi mawili. Kidato cha kwanza wa 2024 nao wanafanya mtihani wa kidato cha nne 2027 hiyohiyo, wakiwemo wa mkondo wa amali ambao wanahitaji karakana. Madarasa yasipotosha, nani atajibu?

#44 Chaki Vumbi
Hilo ndilo swali la bandiko la kwanza, mkuu. Nasubiri.

#45 Karani wa Kata
Mkurugenzi wa Halmashauri atajibu. Atasema fedha zilichelewa kutoka juu.

#46 Mzee wa Rula
Makundi hayo mawili yatasoma kwa zamu mbili, asubuhi na mchana. Si jambo jipya nchi hii, na kwa hilo hahitajiki mtu wa kulaumiwa, inahitajika ratiba.

#47 Bi. Daftari
Zamu mbili kwa walimu walewale? Nani anawalipa muda wa ziada, TSC?

#48 Fupi Nene
TSC hawalipi, wanapandisha daraja. Halmashauri hawapandishi daraja, wanalipa. Hazina ndio wenye hela. Naanza kuuelewa uzi huu, na naumwa kichwa.

#49 Fundi Seremala
Kabla uzi haujafungwa: nina stashahada ya ujenzi, nataka shahada. Chuo kinadai kitu kinaitwa AVN.

#50 Mlima Hauhami
AVN ni namba ya uhakiki wa stashahada yako, inatolewa na NACTVET kwenye tovuti yao. Andaa namba ya mtihani ya kidato cha nne na mwaka, jina la chuo, programu na mwaka wa kumaliza. Unapata namba ya malipo, unalipa, unasubiri. Hiyo AVN ndiyo unayoijaza kwenye fomu ya chuo kikuu. Hakikisha GPA ni 3.0 au zaidi na kidato cha nne una ufaulu wa masomo manne, D na kuendelea, bila hivyo namba haitakusaidia.

Ikikataa, mara nyingi ni chuo chako hakijapeleka matokeo ya mwisho NACTVET, au jina la stashahada halilingani na la kidato cha nne. Anza na ofisi ya mitihani ya chuo chako. Fanya sasa, dirisha la udahili likifunguliwa foleni inakuwa ndefu.

#51 Fundi Seremala
Nimepata. Jina lina herufi moja tofauti kweli. Hiyo nairekebishia NECTA au NACTVET?

#52 Bi. Daftari
La kidato cha nne ndilo linalotawala, kwa hiyo chuo ndicho kirekebishe la stashahada na kuipelekea NACTVET marekebisho. Kama lenye kosa ni la kidato cha nne, pole, hapo unaanza na cheti cha kuzaliwa, na RITA, wenye vyeti hivyo, hatujawataja kabisa kwenye uzi huu.

#53 Chaki Vumbi
Nawaongeza kwenye orodha.